Herufi Ambayo Haimo

Mwandiko ni Jumatatu, saa mbili na nusu.
Maarifa ya jamii ni Alhamisi, baada ya uji.
Ratiba ndivyo inavyosema,
imebandikwa kwa gundi ya sembe nyuma ya mlango wa ofisi.
Mimi nikaviunganisha bila kumwuliza mtu.

Nilichoka na "baba ana bata".
Watoto themanini na wawili, darasa la pili, Kigogo,
wamemwandika bata huyo tangu Januari,
na hakuna baba kati yao anayefuga bata.
Nikafuta ubao kwa kiganja. Nikaandika:
Mtaa wetu una kisima kimoja.

"Viwili, Mwalimu," akasema Zamoyoni,
yule anayekalia nusu tako kwa kukosa nafasi.
"Cha kwa Mama Pazi umekisahau."
Nikaandika viwili. Tukaanza hapo.

M ina vilima viwili: panda, shuka, panda, shuka,
kama njia ya kwenda zahanati.
G mkia wake huzama chini ya mstari
kama kamba ya ndoo.
J ni ya mjumbe. Mjumbe wenu anaitwa nani?
Kaulizeni nyumbani, mrudi na jina,
na jina la mtu huanza na herufi kubwa
hata kama hajawahi kuitisha mkutano.

Wakarudi na zaidi ya nilichowatuma.
Sikudhani, wa mkono wa kushoto, herufi zake zikilala
kama mahindi baada ya mvua:
Bibi alitoka Maneromango akaja mjini na kinu.
Mwingine, sitamtaja, mama yake ni mkali:
Gari la taka huja likitaka.
Kwa mwandiko nilimpa tiki moja.
Kwa ukweli, mbili.

Kibwana hakusoma chake.
Kibwana huwa hasemi. Hufuta.
Kifutio chake kimebaki kama punje ya choroko,
na ukurasa wake una tundu pale alipotafuta neno.
Siku hiyo alikuja mpaka mezani kwangu,
akachora mistari miwili inayokatana.
"Mwalimu, hii inaanzia wapi?
Juu kulia, au juu kushoto?"

"Hiyo haimo," nikamwambia. "Kiswahili hakina hiyo."

"Ipo ukutani kwetu.
Waliiandika kwa rangi nyekundu. Mwandiko mbaya.
Imechuruzika mpaka kwenye kizingiti."

Nyuma, mkono ukanyooka. "Hata kwetu."
Ukafuata mwingine. Nikahesabu kumi na moja,
wote wa kule bondeni, karibu na mto,
wanaokuja shule na tope la Msimbazi kwenye soksi.
Miaka ishirini na minne nafundisha kuumba herufi:
mkono uanzie wapi, uishie wapi, usikandamize.
Sikuwahi kufundisha herufi inayovunja nyumba.

Sikujua la kusema, basi nikasema la kazi:
"Andika walio ndani."

Akakaa. Akachonga kalamu mara mbili.
Akaandika taratibu, ulimi nje,
kila herufi imesimama kati ya mistari yake
kama mtu aliyeambiwa apange foleni:
Chausiku. Mkali. Bibi Mwanahawa.
Kulwa. Doto. Mjomba Shomari, wa chumba cha uani.
Mwisho akajiandika yeye: kibwana.

"Na lako pia," nikasema, "huanza na kubwa."
Akalifuta. Kifutio kikaishia hapo.
Akaandika K ndefu, mguu wake ukagusa mstari wa chini,
ukakanyaga.

Nikachukua kalamu nyekundu nisahihishe.
Nikaitazama.
Nikairudisha kwenye mkoba,
nikaenda darasa la jirani kuazima ya buluu.